Shajara ya mradi: wasifu wa wakulima wetu waliotangulia, vihamba vya Vunjo

Machi, mvua za kwanza

Tulichonacho mpaka sasa ni rundo la vijitabu vya mazishi. Kila nyumba upande huu wa Marangu na Mwika, mkoani Kilimanjaro, inavyo: karatasi ngumu iliyokunjwa, picha ya marehemu akiwa na suti au kitenge cha Jumapili, ratiba ya ibada, nyimbo, kisha ukurasa wenye kichwa "Wasifu wa Marehemu". Tumeomba vya wazee waliofariki miaka hii ya karibuni, wakulima wote, watu ambao jina lao halijapigwa chapa popote isipokuwa hapo na kwenye kibali cha mazishi. Wafiwa wametupa bila kinyongo. Wengine walikuwa wamevihifadhi ndani ya Biblia, wengine kabatini pamoja na kadi za kliniki na vyeti vya ubatizo.

Nimevisoma vyote kwa mfululizo. Vinafanana mno. Marehemu alizaliwa, akiwa mtoto wa nne katika familia ya watoto saba. Alibatizwa, akapata kipaimara. Alisoma hadi darasa la nne. Alifunga ndoa takatifu. Mungu akawajalia watoto, baadhi yao wametangulia mbele ya haki. Kisha inakuja sentensi moja: "Enzi za uhai wake marehemu alijishughulisha na kilimo na ufugaji." Baada ya hapo ugonjwa unaanza, na hapo ndipo mwandishi anapochangamka: lini alianza kulalamika kifua, zahanati ipi alipelekwa, akapewa rufaa ya wapi, vipimo vilionyesha nini, alirudishwa nyumbani lini, hali ilibadilika saa ngapi za usiku. Aya mbili, mara nyingine tatu. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Sababu naielewa. Wasifu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na mara nyingi anayeandika ni mjukuu mwenye kompyuta aliyeshuka kwenye basi la Dar jioni hiyo. Na kitu ambacho kila anayefika msibani anataka kukijua ni kilichomuua mtu. Lakini ugonjwa ulikuwa wa miezi, kilimo kilikuwa cha miaka sitini. Mradi huu unataka kuurekebisha mgawanyo huo, na hauna lengo kubwa zaidi ya hilo.

Tuko wachache: mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya wafiwa wenyewe, mwinjilisti wa mtaa, binti aliyemaliza kidato cha sita na anasubiri chuo, na mimi ninayeandika shajara. Bajeti ni ya bodaboda, vocha na karatasi. Tumekubaliana kwamba humu hakutakuwa na jina la mtu. Majina yamo kwenye faili, na faili ni mali ya familia. Humu kila marehemu ataitwa kwa kazi aliyoifanya.

Aprili, masika yamekolea

Dodoso la kwanza lilikuwa na swali "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?" Mwalimu alilifuta kabla hatujatoka nalo. Alisema jibu analijua: mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu, hakuwa na makuu. Marehemu wa Kilimanjaro wote hawakuwa na makuu.

Sasa tunauliza mambo yanayoshikika. Nani alimfundisha kupogoa kahawa? Siku ya soko aliamka saa ngapi? Zamu yake ya maji ilikuwa siku gani? Ng'ombe wake wa mwisho alimpata wapi? Na swali la mwisho, ambalo binti yetu ndiye aliyelileta: kitu gani shambani hakutaka mtu mwingine akiguse? Hilo linafungua midomo kuliko yote. Watu hucheka kwanza, halafu hunyamaza kidogo, halafu wanaanza kusema.

Na hatuulizi tukiwa tumekaa sebuleni. Sebuleni kuna picha ukutani na watu wanazungumza kama wako kanisani. Tunaomba tutembezwe kihamba. Kwa msomaji wa mbali: kihamba ni shamba la nyumbani, lile linalozunguka nyumba, na kwa wengi sasa halifiki hata ekari mbili. Juu kabisa kuna miti kama mringaringa na mgrivea, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Ng'ombe yuko bandani, hatoki. Anakatiwa majani na kuletewa, na mbolea yake inarudi kwenye migomba. Mahindi hayapo humo, yanalimwa mashamba ya tambarare huko chini. Mpangilio huu ni wa zamani na unajulikana hadi nje: kihamba cha Shimbwe Juu, kule Moshi Vijijini, kimeingizwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye orodha ya mifumo ya kilimo yenye urithi wa dunia.

Na humohumo ndimo tunamozika. Hii ndiyo sababu Mchaga akifia Dar, Mwanza au ng'ambo, mwili unasafirishwa hadi huku kwa gharama yoyote ile. Kwenye nyumba ya kwanza tuliyotembelea, ili kaburi lipate nafasi, vijana walilazimika kung'oa mashina mawili ya kahawa aliyoyapanda marehemu mwenyewe. Mashina yale bado yapo, yameegeshwa kwenye ukuta wa banda. Mjane hataki yawe kuni. Kwenye kijitabu cha mazishi cha mzee huyu neno kahawa halimo.

Mei

*Mzee wa mfongo.*

Faili hili limetuchukulia muda kuliko tulivyopanga na silijutii.

Mifongo ni mifereji ya maji inayochepushwa mtoni huko juu korongoni na kuongozwa kwa mteremko mdogo sana, ikizunguka vilima, mpaka ifike vihambani. Wazungu waliopita hapa karne ya 19 waliikuta tayari inafanya kazi na waliandika wakiishangaa. Kila mfongo una ukoo uliouchimba, na kwa desturi ukoo huo ndio unaotoa msimamizi. Marehemu wetu alikuwa msimamizi wa namna hiyo. Hakuchaguliwa kwa kura, hakulipwa, hakuwa na muhuri. Kijitabu chake kinasema alikuwa mzee wa kanisa na mkulima.

Mwanawe wa kiume alitupandisha hadi chanzo. Njia yenyewe ni ya kushika mizizi. Alituonyesha pale ambapo mfongo unapita chini ya jabali na mtu mzima inabidi atambae kwa tumbo ili kutoa matope. Baba yake alitambaa hapo kila baada ya masika mpaka miguu ilipokataa. Mdomo wa mfongo, pale unapouacha mto, zamani ulikuwa unazibwa kwa mawe, vigogo vya migomba na udongo wenye nyasi, na mafuriko ya kila mwaka yaliusomba. Siku hizi sehemu imejengwa kwa saruji, lakini mto haujali saruji sana.

Kazi ya msimamizi ni tatu. Kuwaita watu kwenye usafi, na asiyefika atozwe faini, ambayo zamani ililipwa kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Kugawa zamu. Na kuzuia watu wasiuane usiku. Hii ya tatu ndiyo mjane alituhadithia kwa kirefu, akiwa anamenya ndizi za mtori, hakuinua hata uso.

"Alikuwa halali akisikia kimya, mwanangu," alisema. Mfongo unapita nyuma ya chumba chao. Maji yakipungua sauti inabadilika, na yeye aliweza kusema, akiwa kitandani, kama ni majani yameziba au kama kuna mtu wa juu amefungulia kwake. Kama ni majani alisubiri asubuhi. Kama ni mtu, alichukua tochi na jembe. Jembe la nini? "La kuzibia," akasema mama. Mwanawe akageukia upande mwingine kuficha kicheko.

Tulimwuliza kila mtu wa mfongo ule kuhusu zamu. Hazikuwahi kuandikwa. Nani anapata alfajiri hadi saa nne, nani mchana, nani anachukua usiku na kuyahifadhi kwenye bwawa lake, nani alimwachia jirani nusu zamu kwa sababu ya ng'ombe wawili wa maziwa: vyote vilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Tangu afe, kazi yake imegawanyika kwa watu watatu na ugomvi umeongezeka. Mwalimu ameketi nao mmoja mmoja na kujenga jedwali. Hatukulipanga hilo kama sehemu ya wasifu, lakini nadhani ndio wasifu wenyewe. Kamati ya maji imeomba nakala.

Juni, baridi kali

*Mzee wa nyumba ya 1977.*

Ukipita barabara ya kijiji utaona nyumba nyingi za rika moja: msingi wa mawe, ukuta wa tofali, bati, baraza ndogo mbele yenye nguzo mbili. Nyumba ya mzee huyu ina mwaka uliochorwa kwa kidole kwenye saruji mbichi ya ngazi: 1977.

Julai 1975 baridi iliua mibuni ya Brazili, hasa jimbo la Paraná, na bei ya kahawa duniani ikapanda mpaka ikafika kilele mwaka 1977. Mzee hakuwahi kutaja Brazili kwa watoto wake. Aliutaja ule mwaka wa bati. Ajabu ni kwamba neema ile ilikuja wakati ushirika wenyewe haupo: mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, iliyoundwa mwaka 1933 kutokana na chama cha wakulima cha 1925, ikawa miongoni mwao. Ilirudi katikati ya miaka ya 1980, baada ya sheria mpya ya ushirika ya 1982. Wazee wa hapa bado wanagawanyika kuhusu jambo hilo, na ukitaka kuwasikia wakipandishiana sauti kwenye msiba, liulize.

Kilichofuata kila nyumba inakijua. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika na bei ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1990 wakaruhusiwa wanunuzi binafsi, wakaja na mizani na pesa taslimu hadi mlangoni, na kwa mwaka mmoja au miwili watu wakaona raha, hakuna tena kusubiri malipo ya pili ya ushirika. Halafu wakagundua kwamba mnunuzi wa mlangoni hakopeshi dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ikashuka tena, chini kuliko wengi walivyowahi kuiona, na mashoka yakaingia vihambani. Watu wakapanda nyanya na migomba zaidi.

Binti yake mkubwa ametusisitizia kitu kimoja, na ametaka kiandikwe kama alivyokisema: "Baba hakung'oa. Aliacha kupiga dawa." Kwa mtu wa kahawa hizo ni hukumu mbili tofauti. Tangu chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, ilipoingia mkoani miaka ya 1960, kahawa ya zamani, zile aina za N39 na KP423 zilizotoka kituo cha utafiti cha Lyamungo, bila dawa inadondosha punje zikiwa nyeusi. Aliyeacha kupiga dawa ameiacha ife kwa amri ya Mungu, lakini mkono wake haumo.

Bomba lake la kupigia dawa bado limening'inia stoo. Mkanda mmoja umeunganishwa kwa kamba ya katani, na kote kwenye mdomo wa bomba kuna ganda la dawa ya mrututu, bluu ya anga, gumu kama chokaa. Bluu hiyohiyo iko ukutani kwa urefu wa bega lake, pale alipokuwa anaegemea kuvua bomba. Na kofia yake pia. Watoto wanasema baba alikuwa anaingia kanisani na bluu kwenye kucha kuanzia Machi hadi Julai na mama anamfinya.

Uzeeni aliletewa miche ya aina mpya, zile zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani ambazo taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ilianza kuzitoa mwaka 2005. Akaipanda kwenye safu ya karibu na mlango, ili aione. Wakamwambia haihitaji dawa ya chulebuni. Kila asubuhi alitoka na fimbo kuikagua jani kwa jani, akisubiri iugue. Haikuugua. Mjukuu wake anadhani jambo hilo lilimuudhi.

Agosti, msimu umeanza

*Bibi wa kichanja.*

Chama cha msingi cha ushirika kimeturuhusu kusoma madaftari ya zamani ya mapokezi ya kahawa. Karani alitutolea boksi zima na akatuachia meza yake mwenyewe. Ni madaftari makubwa ya jalada gumu, panya wameonja pembe. Jina, namba ya mwanachama, kilo, daraja, sahihi. Mwalimu alikuwa na orodha ya marehemu wetu, anatafuta jina, mimi naandika.

Majina ya wanawake karibu hayamo. Hilo tulilitarajia. Huku kahawa imekuwa mali ya mwanaume kwa vizazi, na pesa yake ni ya mwanaume. Ndizi na maziwa ndiyo ya mwanamke. Kwamba mikono iliyochuma, kumenya, kuosha na kuanika ile kahawa ilikuwa ya mama na watoto, daftari halina safu ya kuandika hilo.

Tusilolitarajia ni mume wa Bibi wa kichanja. Alifariki zamani, watoto wake wengine wakiwa bado shule ya msingi. Tarehe ipo kaburini. Kwenye daftari aliendelea kuleta kahawa. Msimu baada ya msimu, jina lake, namba yake, kilo zake, mpaka miaka ya karibuni alipofariki mkewe. Na kwenye safu ya sahihi kuna alama ya dole gumba, ndogo, ya mwanamke. Wino umeingia kwenye kovu linalokata dole hilo kwa mshazari, kwa hiyo hata bila jina unamtambua kila anapotokea.

Tulimwuliza karani. Akasema kila mtu alijua, hata yeye alimkuta hivyo alipoajiriwa. Kuhamisha uanachama kulihitaji muhtasari wa kikao cha ukoo, na kikao cha ukoo maana yake ni shemeji zake waketi kuamua kihamba kiwe cha nani. Bibi aliona heri mumewe aendelee kuwa mwanachama hai. Akili ya namna hii hakuna kijitabu cha mazishi kitakachoisema. Chake kinasema alikuwa mama wa nyumbani.

Watoto wake wanamjua kama mama: mkali, wa saa kumi na moja alfajiri, wa fimbo ya mbuni. Ili kumjua kama mkulima ilibidi twende kwa wanawake wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hao ndio waliotupeleka kwenye kichanja.

Kahawa yake ilikuwa daraja la juu karibu kila msimu, na wenzake wanajua kwa nini. Alichuma nyekundu tupu. Mtoto aliyemletea yenye kijani alirudishwa nayo. Alimenya siku hiyohiyo, kwa mashine ya mkono ya jirani, naye akamlipa jirani kwa kumwoshea ya kwake. Maganda hakuyatupa, yalirudi chini ya migomba. Aliivundika kwenye ndoo, akaiosha mpaka utelezi uishe na punje zianze kukwaruzana mkononi, kisha kichanjani. Kichanja ni wavu juu ya miguu ya miti, kahawa inatandazwa hapo ikauke juani kwa wiki moja au mbili. Jua la saa sita likipasua ganda, kahawa imeharibika, ikinyeshewa, imeharibika. Kwa hiyo kichanja hakiachwi peke yake. Alichambua akiwa amesimama, vidole vikipita juu ya punje bila kuonekana kuchagua, akitupa pembeni zilizopasuka na zilizotobolewa na wadudu huku anasimulia habari za watu. Na kila jioni aliokota punje moja, akaimenya ganda kwa ukucha, akaing'ata kwa jino la pembeni. Ikiacha alama, bado. Ikikataa jino, anaita watoto walete magunia. Mmoja wa mama wale alituonyesha na punje ya kwake. Nami nikang'ata. Sikutambua chochote. Akacheka, "Aika mbe (asante, kwa Kichaga), wewe kula ndizi."

Sokoni alikuwa mtu mwingine tena. Ndizi mshare aliziuza, kitarasa akabaki nazo kwa uji wa wanawake waliojifungua pale mtaani. Alikopesha bila daftari na hakusahau deni la mtu. Kuna mama alituambia kwamba kwenye msiba alihesabu watu watano waliokuja na bahasha nene kuliko kawaida, na yeye anajua zilikuwa za nini.

Tulipowasomea watoto rasimu, kitinda mimba alicheka mpaka akafuta machozi pale pa marehemu baba kuleta kahawa. Kaka mkubwa hakucheka. Aliomba nakala za kurasa za daftari.

Septemba

Nakala zile ni za mirathi. Ningeshangaa kama zisingekuwa.

Kwa desturi ya huku mtoto wa kwanza na wa mwisho wa kiume ndio wenye uhakika wa kihamba, wa mwisho akibaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati wanajitafutia, na mabinti wanaolewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Kati ya desturi na sheria kuna vikao, na kwenye vikao karatasi yoyote yenye jina la marehemu ina thamani. Faili letu, ambalo tuliliona kama ukumbusho, linaweza kusomwa mbele ya baraza kama ushahidi.

Tumekaa jioni nzima kwa mwinjilisti tukijadili. Msimamo wetu sasa ni huu: tunaandika kazi, hatuandiki mipaka. "Alipanda" tunaandika, "ni yake" hatuandiki. Hatutaji jirani wa mpakani wala hatupigi picha masale. Kwa asiyejua, sale ndiyo mmea wetu wa mpaka, na ndiyo huohuo anaoshika mtu anapokwenda kuomba msamaha. Ukiupiga picha umeshaingia kwenye kesi. Nakala za daftari la chama aombe mwenyewe chamani. Najua hata "alipanda" si neno salama mlimani hapa, kwa kuwa aliyepanda mti ana la kusema juu ya ardhi iliyo chini yake. Lakini tukiliondoa na hilo tutarudi kwenye "alijishughulisha na kilimo na ufugaji", na hapo heri tufunge kazi.

Familia moja imeomba faili lake tulirudishe. Tumelirudisha, pamoja na sauti zote. Nyingine ilitaka wasifu uruke nyumba ya pili ya mzee, yaani mama na watoto wanaoishi tambarare kwenye mashamba ya mahindi na ambao ndio waliolima mashamba hayo. Mwinjilisti hakupenda nyumba hiyo iandikwe, kwa sababu zake. Mwalimu alimjibu kwamba mahindi yale wameyala wote, pamoja na yeye mwinjilisti. Faili liko kabatini. Wasifu unaofuta watoto walio hai hatuutoi, na tumemweleza hivyo mwenye familia kwa adabu.

Oktoba hadi Novemba

Unukuzi tu. Binti yetu amekwenda chuo na anafanya kazi hii usiku bwenini, akiwa na vipokea sauti masikioni. Wazee wanaanza kwa Kiswahili cha wageni na kuishia kwenye Kivunjo, Kichaga cha upande huu, hasa wakifika kwenye vitu vya banda na vya maji. Yeye Kivunjo anakisikia lakini hakiandiki vizuri, kwa hiyo Mwalimu anampigia. Bati na mvua vimemeza sehemu za mahojiano ya Mei. Nakala moja ya sauti inakwenda kwa familia kwenye kadi ya kumbukumbu, moja ofisi ya usharika, na maandishi tunayachapa, maana karatasi huku ndiyo inayodumu.

Desemba, watu wamerudi

Wiki ya Krismasi mlima unajaa. Magari yenye namba za kila mkoa yamebanana njia za vihambani, na walio mjini wamerudi na watoto wanaozungumza Kiswahili cha Dar. Hii ndiyo wiki tuliyokuwa tunaisubiri. Tumesoma wasifu nyumba kwa nyumba, uani, baada ya chakula, kabla mbege haijakolea.

Kwa Mzee wa nyumba ya 1977 kulikuwa na ubishi wa nusu saa kuhusu aliyechora ule mwaka kwenye saruji. Watoto wawili kila mmoja anadai ni kidole chake. Tumeandika wote wawili.

Kwa Bibi wa kichanja kaka mkubwa hakuja. Wengine walikuja, pamoja na mama wa kikundi wakiwa na sare zao. Mjukuu mmoja, ambaye ndiye aliyelipia vigae vya kaburi, aliuliza bibi alikuwa anasimama wapi. Hakuna aliyejua anataka kusema nini mpaka alipoeleza: wapi, pale uani, kichanja kilikuwa wapi. Kimeshavunjwa, pale sasa wanaegesha gari. Mama mmoja akaondoka kwenye kiti, akapiga hatua na kusimama karibu na bampa la nyuma. "Hapa. Uso ukiangalia kule, mvua hutokea kule."

Lakini nyumba iliyofunika zote mwaka huu ilikuwa ya Mzee wa mfongo. Mwalimu alisoma jedwali la zamu kwa sauti, mstari kwa mstari, na alipofika kwa watu wa juu, mzee mmoja wa upande huo, jirani aliyealikwa kama wengine, akasimama na kofia mkononi. Akasema jedwali si sahihi, zamu yake haikuwa saa nne, ilikuwa saa tano. Mwalimu akamwuliza, basi ile saa moja kati ya nne na tano alikuwa anaichukua nani? Uwanja mzima ulimwangalia. "Nilikuwa naiba," akasema. "Na marehemu alikuwa anajua. Alikuwa anakuja na lile jembe, ananikuta, tunakunywa chai, halafu anaziba." Mjane alikuwa wa kwanza kuangua kicheko. Tumesahihisha jedwali, na saa ile tumeiandika kama alivyoitaja yeye.

Januari

Mwinjilisti amelipeleka suala la wasifu kwenye baraza la wazee wa usharika. Wamekubali kwa majaribio, kwa mtaa wetu tu: karatasi wanayopewa wafiwa kujazia wasifu itakuwa na sehemu ya kazi, yenye maswali yetu, na itakaa kabla ya sehemu ya ugonjwa. Mahali penyewe tumepapigania, kwa kuwa washereheshaji wa misiba hukata wasifu ukifika dakika tano, na kinachokatwa ni cha mwisho.

Kuna upande ambao hatujaugusa, na Mwalimu amenikumbusha kila wiki tangu Agosti. Marehemu wetu wote walikuwa na kihamba. Wapo waliolima humu maisha yao yote bila kuwa nacho: vibarua waliokuja msimu wa kuchuma wakabaki, wakata majani, wachunga ng'ombe waliokuja wadogo na kuzeekea kwenye chumba cha nyuma. Wengine hawakuwahi kuandaliwa kijitabu, na kaburi lao liko kwenye uwanja wa kanisa. Orodha yao tunaianzia kwenye daftari la makaburi la usharika. Jumatatu mwinjilisti ana funguo.